Maswali ya Wasomaji: Barua za Kikundi Zinarudi, Namba Haina Jina

Swali la kwanza, kutoka Chuno, Mtwara

Mwalimu, shikamoo. Mimi ndiye ninayetunza kompyuta za kikundi cha akina mama wanaobangua korosho hapa Mtwara. Mwaka huu tuliamua tuwe na barua pepe zenye jina la kikundi chetu, tukakodi seva ndogo iliyoko Ujerumani, nikaweka Postfix na Dovecot, programu za kutuma na kutunza barua. Sisi kwa sisi tunaandikiana vizuri. Lakini barua zinazokwenda kwa wanunuzi wanaotumia Gmail zinarudi zikiwa na namba 550 5.7.25, na maelezo kwamba anwani yetu ya IP, yaani namba ya seva kwenye intaneti, haina rekodi ya PTR, ile inayoipa namba jina. Nikaingia kwenye akaunti ya mahali tuliponunua jina la tovuti, nikaongeza rekodi ya PTR, nikasubiri. Hakuna kilichobadilika, na kila nikiuliza pale naambiwa niendelee kusubiri. Minada imeanza, wanunuzi wanataka bei ya korosho zilizobanguliwa, na barua zangu hazifiki. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu. Acha kusubiri. Rekodi uliyoiandika haitafanya kazi hata ikikaa hapo mpaka msimu ujao, kwa sababu umeiandika mahali ambapo hakuna anayekuja kuisoma.

Tuanze na hiyo namba, maana imekusaidia kuliko unavyodhani. Barua nyingi zinazokataliwa hurudi na maneno ya jumla ambayo yanaweza kumaanisha lolote. Lakini 5.7.25 ina maana moja: seva iliyopokea ilijaribu kuhakiki jina la anwani yako kwa njia ya kinyume, ikashindwa. Maana hiyo iliandikwa katika waraka wa viwango vya intaneti RFC 7372 wa mwaka 2014. Kwa hiyo usihangaike na maneno uliyoandika kwenye barua, wala picha ya korosho uliyoambatanisha, wala nenosiri. Tatizo liko kwenye namba ya seva peke yake.

DNS tuliyoizoea, yaani mfumo wa majina ya intaneti, hujibu swali hili: jina hili lina namba gani? Mtu anaandika jina la tovuti yenu, DNS inampa anwani ya IP. DNS ya kinyume hujibu swali la upande wa pili: namba hii inaitwa nani? Wengi hudhani majibu yote mawili yanatunzwa mahali pamoja na mtu mmoja. Sivyo, na hapo ndipo ulipopoteza siku zako. Jina na namba viko kwenye miti miwili, na kila mti una wenyewe.

Jina la kikundi mmelisajili kwenye mti wa majina. Huko mna mamlaka kamili: mnaweza kuongeza rekodi ya A (inayolipa jina namba), ya MX (inayotaja seva ya kupokea barua), ya TXT (ya maandishi), chochote. Lakini namba ya seva iko kwenye mti uitwao in-addr.arpa, na kule namba huandikwa ikiwa imegeuzwa. Tuseme seva yenu ni 203.0.113.25. Hiyo ni anwani iliyotengwa kwa ajili ya mifano, ya kwenu naiacha isionekane gazetini. Kwenye mti wa kinyume itatafutwa kama 25.113.0.203.in-addr.arpa. Imegeuzwa kwa sababu majina ya DNS huweka kilicho kikubwa kulia, kama .tz inavyokaa mwishoni, wakati anwani ya IP huweka kilicho kikubwa kushoto. Ili mti ushuke kwa mpangilio, lazima namba zipinduliwe.

Sasa fuata matawi. Tawi la in-addr.arpa limegawanywa kwa asasi zinazogawa anwani za IP kwa kanda. Afrika tuna AFRINIC, iliyoko Mauritius. Ulaya kuna RIPE NCC, iliyoko Amsterdam. Hao hukabidhi vitawi kwa kampuni zilizopewa mafungu ya anwani, na kampuni mojawapo ndiyo iliyokukodisha seva. Duka lililokuuzia jina halimo popote kwenye mnyororo huo. Wewe pia humo, mpaka mwenye fungu akuandikie. Ile rekodi ya PTR uliyoiongeza imekaa chini ya jina la kikundi, na hakuna seva ya barua duniani itakayokwenda kuitafuta huko. Ifute tu, isije ikamchanganya atakayekupokea kazi.

Kwa hiyo anayeweza kukutatulia jambo hili ni yule aliyekupa namba. Naliandika waziwazi kwa sababu barua za aina hii zinanifikia kutoka Masasi, Newala na hapa Lindi mjini, na karibu wote wamekwama mlango ule ule. Wanauliza kwa aliyewauzia jina, na yeye, badala ya kusema "hili si langu", anasema "subiri".

Kabla hujamwandikia mwenye namba, tayarisha upande wako. Chagua jina moja la seva, si jina tupu la tovuti. Mimi hupenda linaloanza na mail au barua, kwa mfano mail.korosho.example. Kwenye akaunti ya jina lenu ongeza rekodi ya A inayosema jina hilo ni 203.0.113.25. Fanya hili kwanza, maana baadhi ya kampuni za seva hukagua rekodi ya A kabla ya kukubali ombi la PTR, na wasipoiona mfumo wao unalikataa papo hapo.

Halafu ingia kwenye ukurasa wa kusimamia seva uliyokodi. Nenda sehemu ya mtandao, kwenye orodha ya anwani za IP. Kampuni nyingi zina kisanduku karibu na kila anwani cha kuandika jina la kinyume. Huenda utakuta tayari mna jina walilolitunga wao, refu, lenye tarakimu za anwani ndani yake. Lifute, uandike mail.korosho.example, uhifadhi. Kama kisanduku hakipo, waandikie watu wa huduma kwa wateja. Usiwaeleze habari za msimu wala wanunuzi, hawana haja nazo. Wape hivi tu:

Tunaomba anwani ya IPv4 203.0.113.25 iwekewe rekodi ya PTR yenye jina mail.korosho.example. Rekodi ya A ya jina hilo tayari inaelekeza kwenye anwani hiyo hiyo.

Ukiwa na sentensi hizo mbili, mfanyakazi wa zamu hana cha kukuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kuwa na PTR peke yake hakutoshi. Seva inayopokea barua hufanya safari mbili. Kwanza inachukua namba yako na kuuliza jina. Ikipata jina, inalichukua jina hilo na kuuliza namba. Namba inayorudi isipokuwa ile ile iliyoanza nayo, uhakiki umeshindwa, na kwa mpokeaji mkali hakuna tofauti kati yako na asiye na PTR kabisa. Ninyi wa kusini mnaujua utaratibu huu vizuri kwenye stakabadhi ghalani: mnunuzi akija na hati ya mzigo, mwendesha ghala anaangalia namba ya hati kwenye daftari, na daftari lazima limrudishe kwenye mzigo ule ule. Hati bila daftari haitoi gunia.

Sababu ya ukali huu inaeleweka. Mtu yeyote anayemiliki fungu la namba anaweza kuandika PTR yenye jina lolote, hata la benki. Hakuna wa kumzuia. Lakini hawezi kuingia kwenye DNS ya benki hiyo na kuifanya ielekeze kwenye namba yake. Safari ya pili ndiyo inayomfichua. Na sehemu kubwa ya barua taka hutoka kwenye kompyuta za nyumbani zilizoambukizwa virusi, ambazo wenyewe hawajui kama zinatuma. Namba za namna hiyo ama hazina jina, ama zina lile jina refu la tarakimu lililotungwa na kampuni ya intaneti. Ndiyo maana nimekuambia ufute jina walilokupa. Linaweza kupita ukaguzi wa safari mbili, lakini baadhi ya vichujio hulipunguzia alama kwa sura yake.

Hapa Rahaleo kijana mmoja aliniletea tatizo ambalo kwa macho lilikuwa na kila kitu. PTR ipo, jina zuri, rekodi ya A ipo. Barua bado zinakataliwa. Tukauliza namba na jina pande zote mbili: jina lilikuwa linarudi kwenye namba ya seva ya zamani. Alikuwa amehama kampuni, akabadilisha rekodi ya tovuti, rekodi ya mail akaiacha. Kuirekebisha ilikuwa kazi ya dakika chache. Nakusimulia kwa sababu siku ninyi mtakapohama seva, mtego huo utakuwa unawangoja.

Ukaguzi wenyewe ni amri mbili:

dig +short -x 203.0.113.25

dig +short A mail.korosho.example

Ya kwanza ikupe mail.korosho.example ikiwa na nukta mwishoni. Nukta hiyo ni ya kawaida, usiiguse. Ya pili ikupe 203.0.113.25. Kama huna dig kwenye kompyuta yako ya Windows, nslookup inafanya kazi hiyo hiyo ukiipa namba, kisha ukiipa jina.

Bado kuna sehemu ya tatu, nayo iko ndani ya seva yako. Postfix inapobisha hodi kwa mpokeaji hujitambulisha kwa jina, katika salamu iitwayo HELO au EHLO. Jina hilo linatoka kwenye mpangilio wa myhostname, ndani ya faili la main.cf. Angalia linasemaje. Nimeshaona seva zinazojitambulisha kama localhost, na nyingine kwa jina la kompyuta mpakato ya aliyeziunganisha. Andika:

myhostname = mail.korosho.example

Uiambie Postfix isome upya mipangilio. Sasa salamu, jina la kinyume na rekodi ya A vyote vinasema neno moja.

Halafu kuna IPv6, ambayo naiona ikiwaumiza hata mafundi wazoefu. Seva nyingi za kukodi Ulaya huja na anwani mbili, ya IPv4, mfumo wa zamani wa namba, na ya IPv6, mfumo mpya. Unaweza kuweka PTR ya IPv4 vizuri kabisa, lakini Postfix ikaenda Gmail kwa njia ya IPv6, na anwani hiyo haina jina. Barua inarudi na kosa lile lile, na wewe unaapa kwamba umesharekebisha. Tazama barua iliyorudi: kama namba iliyotajwa ina nukta pacha na herufi kama a, b au f, ni IPv6 hiyo. Una njia mbili. Ama uiwekee PTR nayo kwenye ukurasa ule ule wa kampuni, pamoja na rekodi ya AAAA, inayofanya kwa IPv6 kazi ya A, upande wa jina lenu. Ama uiambie Postfix itumie IPv4 peke yake:

inet_protocols = ipv4

Baada ya hapo izime Postfix na kuiwasha tena, kusoma upya hakutoshi kwa mpangilio huu. Kwa kikundi chenu ningechagua njia hii ya pili leo, kwa sababu mna wanunuzi wanaongoja. IPv6 mtairudia kazi ikipungua.

Kuhusu muda. Majibu ya DNS hukaa kwenye kumbukumbu za seva nyingine kwa kipindi kilichoandikwa ndani ya rekodi yenyewe, mara nyingi saa moja, wakati mwingine saa 24. Jibu la "hakuna jina" nalo hukumbukwa. Ukirekebisha asubuhi, usitume barua kila dakika tano kwa mnunuzi yule yule. Fungua akaunti yako mwenyewe ya Gmail, jitumie barua moja jioni, kisha fungua maelezo kamili ya barua hiyo, yale yanayoanza na mistari ya Received. Utaona namba yenu na jina pembeni yake. Mpokeaji anayetumia Postfix, kama safari mbili hazikukubaliana, huandika pale neno unknown. Ukiona mail.korosho.example, umemaliza.

Umemaliza kwa upande wa PTR, nasema. Tangu Februari 2024 Google wanadai kwa kila anayetuma barua kwenda Gmail, awe mdogo au mkubwa, DNS ya mbele na ya kinyume zilizo sahihi, pamoja na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua), na usafirishaji uliofungwa kwa TLS, yaani usimbaji wa barua ikiwa njiani. Wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku wanadaiwa SPF na DKIM zote mbili, na juu yake DMARC, yaani maagizo ya kufanya nini barua ikishindwa ukaguzi huo. Ninyi hamfiki huko, lakini wekeni zote. SPF yenu ni mstari mmoja wa TXT:

v=spf1 ip4:203.0.113.25 -all

Huo, tofauti na PTR, unawekwa palepale mliponunua jina.

Nawapongeza akina mama kwa uamuzi wa kuwa na barua zenye jina lao. Mnunuzi wa mbali anayepokea bei kutoka kwenye jina la kikundi anajua anaongea na nani, na mhasibu akibadilishwa barua zote za msimu zinabaki mikononi mwa kikundi. Kazi hii ya PTR ndiyo gharama yake, na haina malipo ya fedha.

Swali la pili, kutoka Nachingwea

Mwalimu, pole na majukumu. Nina duka la pembejeo, na kompyuta ya zamani nimeigeuza seva ya barua humu humu dukani, kwa intaneti ya laini ya simu. Nimepiga kampuni ya simu kuomba PTR, hawanielewi. Nifuate nani?

Asante, nimepoa. Kabla ya kumfuata mtu, fungua kifaa chako cha intaneti uangalie namba kiliyopewa na mtandao. Halafu fungua tovuti yoyote inayokuonyesha namba unayoonekana nayo nje. Naamini zitatofautiana. Kama ile ya kwenye kifaa iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, basi uko nyuma ya ukuta ambapo wateja wengi wanatumia namba moja ya nje kwa pamoja. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu anwani za IPv4 zimekwisha.

Namba mnayoshirikiana haiwezi kupewa jina la duka lako, na ndiyo maana yule wa huduma kwa wateja hakukuelewa. Zaidi ya hapo, mitandao mingi huzuia mlango namba 25 unaotumiwa na seva za barua, na mafungu ya laini za wateja wa kawaida huorodheshwa kama anwani zisizotakiwa kutuma barua moja kwa moja. Hata ungepata jina, barua zingekataliwa kwa sababu hizo.

Ushauri wangu ni huu: iache seva yako dukani itunze barua, lakini ya kutoka ipitishe kwa mtoa huduma ya barua mwenye namba safi. Kwenye Postfix mpangilio unaitwa relayhost, na utaunganishwa kwa mlango 587 ukiwa na jina la mtumiaji na nenosiri. PTR itakuwa ya kwao, nao ndio watakaoitunza. Kupokea kutoka nje ni shida nyingine, kwa sababu hakuna anayeweza kubisha hodi kwako kupitia namba ya pamoja. Kwa hilo utahitaji seva ndogo ya kukodi, au laini ya ofisi yenye anwani ya kudumu. Ukiomba laini hiyo, waulize kabla ya kutia saini: je, mtaniwekea PTR nikitaka? Jibu liwe kwa maandishi.

Swali la tatu, kutoka Kilwa Masoko

Asalaam aleikum, Mwalimu. Tuna nyumba ya wageni, na ndugu zangu wawili wana biashara zao, wote tunatumia seva moja yenye anwani moja. Majina ya tovuti ni matatu. Je, tuweke PTR tatu?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Hapana, wekeni moja. PTR ni jina la seva, si la kila biashara iliyomo ndani yake. Chagueni jina moja la seva, tuseme mail chini ya jina la nyumba ya wageni, lifanyeni ndilo la PTR, la rekodi ya A na la salamu ya HELO. Rekodi za MX za majina mengine mawili zielekezeni huko huko. Barua ya ndugu yako itatoka kwa jina la biashara yake kupitia seva yenye jina lako, na wapokeaji hawana tatizo na hilo. Kampuni za kukodisha seva zinaendesha maelfu ya tovuti kwa namna hiyo.

Viwango haviharamishi PTR zaidi ya moja kwa namba moja, lakini programu za barua zinaweza kuchukua jibu lolote kati ya hayo, leo hili, kesho lile, na ukaguzi ukawa wa kubahatisha.

Ambacho kila jina linahitaji kivyake ni SPF inayotaja namba ya seva, na ufunguo wake wa DKIM. Na kagua fomu ya kuomba chumba iliyoko kwenye tovuti yako. Mara nyingi fomu hizo hutuma barua kwa kutumia anwani ya mgeni kama mtumaji, na hapo PTR haikusaidii kitu, kwa sababu SPF ya mgeni haiitambui seva yako. Mtumaji awe anwani ya nyumba ya wageni, ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibu.